Kwa Nini Spika za Saluni Hukatika Jioni

Nyumbani,
Mlango wa nyuma wa saluni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na kazi nayo haijambo? Kifua chako kimetulia? Mama ameniagiza niulize kifua kabla ya kitu kingine chochote, basi nimeuliza. Sisi huku wazima. Goti la Mama linalalamika akipanda ngazi, lakini yeye mwenyewe halalamiki. Baba haoni vizuri karibu na bado anasema ni taa za siku hizi ndizo mbovu. Mimi ni mzima, na mdomo wangu ni mzito vilevile, kwa hiyo usishangae nikijaza kurasa. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Najua hukutarajia barua. Namba yako ya zamani inaita mpaka inachoka. Hata ungepokea, ningesema shikamoo halafu ningekaa kimya mpaka ukate. Anwani ya kazini kwako nimeitoa kwenye lile boksi ulilomtumia Mama lenye miwani ya kusomea. Mama anaweka vifungo humo sasa, na hataki mtu mwingine aliguse.

Nakuandikia kuhusu spika.

Zote ulizotufungia bado zipo, na majina uliyozipa yapo. Ya saluni, uliyoifunga juu ya kiti cha Baba, ni Kiti cha Kwanza. Ya sebuleni ni Kochi. Ya jikoni ni Sufuria, na Mama hajui kuwa inaitwa hivyo. Tunaziwasha kwa ile simu ya zamani uliyotuachia, zote zinaimba wimbo mmoja, na nyumba nzima inakuwa kama chumba kimoja. Huu ndio uliokuwa mpango wako, nakumbuka ulivyokuwa unauelezea huku umeshika bisibisi kwa meno.

Mwanzoni muziki ulikuwa unakatika mara mojamoja, tukaulaumu umeme. Baadaye ukawa unakatika kila jioni, saluni ikiwa imejaa. Unamjua Baba. Mkono wake unafuata ngoma. Wimbo ukinyamaza, anainua mashine kutoka kichwani mwa mtu na kusimama nayo hewani kama aliyesahau alichotumwa. Hanyoi kimya. Anasema kimya kinapinda mstari.

Jioni moja alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu wa hesabu, yule anayenifundisha hata mimi, muziki ukakatika. Mwalimu akabaki upande mmoja uwanja, upande mwingine kichaka.

"Mzee, mbona umesimama?"

"Nasubiri wimbo urudi."

"Na usiporudi?"

"Kichwa chako kina haraka gani? Hakina miguu."

"Kichwa hakina, mke wangu anayo. Akiniona hivi atakimbia."

Dereva wa lori alikuwa kwenye benchi, na unajua hawezi kuliacha neno lipite bila kulipanda. Akasema hiyo ndiyo sehemu ya nusu tunayofundishwa darasani, mwalimu akaichore ubaoni. Watu wakacheka mpaka yule kijana wa viatu mlango wa pili akaja kuuliza kuna nini. Baba peke yake hakucheka. Alinigeukia mimi niliyekuwa nakunja taulo.

"Wewe msomi, hebu litazame hilo dude."

Hivyo ndivyo kazi ilivyonifikia. Kwa kuwa shuleni tunasomeshwa kwa Kiingereza na nyumbani tunaishi kwa Kiswahili, kila chenye kitufe na maandishi ya kigeni humu ndani ni changu. Karatasi za dawa, rimoti, barua za benki. Husoma kwa lugha moja na kumwambia Baba kwa nyingine, naye huamini kila ninachosema. Naomba ulishike hilo, kwa sababu nitalirudia.

Nilianza na dawa ya Mama, ambayo ni zima uwashe. Mama anaitumia kwa kila kitu, hata kwa Baba akinuna: anamwambia akalale kidogo kisha aamke upya. Nikazima kila kitu, nikawasha kila kitu. Muziki ukaimba, jioni ukakatika.

Nikaitafuta ruta. Tangu uondoke Mama aliihamisha, maana taa zake zilikuwa zinamkosesha usingizi akipumzika kwenye kochi. Nikaikuta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sinia kubwa za bati, imevalishwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, chenye maua. Ilikuwa ya moto kama chapati. Nilimwambia Mama kwamba mawimbi hayapiti kwenye bati. Akaniuliza kama hayo mawimbi yana adabu au yanapita popote. Tulikubaliana iwe ukutani kwenye korido, juu, lakini kitambaa kibaki chini yake. Kochi na Sufuria zikaacha kukwamakwama. Saluni ikapata nafuu, lakini jioni muziki ukakatika tena.

Baba naye alikuwa na maoni yake. Alisema watoto wa jirani wanatuibia waifai kupitia dirishani. Akaagiza nibadilishe neno la siri, na akataka kulichagua mwenyewe ili nisije nikamwambia mtu. Mimi nimwambie nani? Akaliingiza kwa kidole kimoja, akiwa ameifunika simu kwa kiganja. Alipofika mlangoni alikuwa ameshalisahau. Tukashinda nyumba nzima bila mtandao, na watoto wa jirani, ambao kumbe wana wa kwao, wakaja kuniuliza kama nataka kutumia wa kwao. Ilibidi nichomeke sindano kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, irudi kama ilivyotoka dukani.

Halafu nikafikiria vioo. Vile vioo vikubwa vya saluni vimepakwa madini nyuma, na wewe uliifunga spika kwenye ukuta huohuo kabla Baba hajaongeza kioo kile cha tatu. Kwa hiyo mawimbi yalikuwa yanatakiwa kupenya vioo ili yaifikie spika. Nikapanda ngazi nikaihamishia juu ya mlango. Baba alishika ngazi. Akaniambia, "Usianguke, sina mwingine." Mimi nikakaza skrubu.

Baada ya hapo muziki haukukwama tena, lakini jioni ulikatika vilevile. Na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa natafuta kitu kisicho sahihi. Kukwama na kukatika ni vitu viwili, Kaka. Waifai ikiwa mbaya, wimbo hugugumia, hurudia neno, hupotea na kujitokeza kama mtu anayeongea na mswaki mdomoni. Sisi wetu ulikuwa unakatika safi, kama uliokatwa kwa mkasi. Tena ulikatika kwenye spika zote pamoja, hata Sufuria iliyo hatua chache tu kutoka kwenye ruta. Kwa nini ya karibu inyamaze sawa na ya mbali?

Basi jioni iliyofuata nilikaa na simu mkononi badala ya taulo. Muziki ulipokatika nikauona ujumbe kwenye kioo cha simu, mdogo, unaopita upesi. Kwa Kiswahili ungesema hivi: akaunti yako ya muziki inatumika kwenye kifaa kingine. Nikafungua orodha ya vifaa. Kochi. Sufuria. Kiti cha Kwanza. Na chini yake, chenye alama ya kijani inayocheza, Kiti cha Pili.

Nilikumbuka ulipoipa simu yako jina hilo. Ulikuwa unanyoa kwenye kiti cha pili wakati huo, ukasema kila kitu kiitwe kwa mahali kilipo. Sasa kiti kipo hapa na simu ipo huko. Pengine ulisahau tu kulibadilisha. Sitaki kulipa jambo uzito ambao halina.

Baba akauliza, "Wanasema nini?"

Na mimi nikamwambia, "Wanasema mtandao una hitilafu."

Ndilo nililotaka ulishike. Nilimtafsiria uongo. Sikupanga, ulitoka wenyewe, na ulitoka kirahisi kuliko ukweli wowote niliowahi kusema mbele ya watu. Tangu siku ile uliposema mbele ya wateja kwamba wewe si kinyozi na hutakuwa, na Baba akakujibu kwamba asiyekitaka kiti asije kukiulizia, jina lako halitajwi saluni. Niliogopa kwamba nikilitaja, ataniambia nikutoe. Ningekuwa mimi wa kubonyeza. Na baada ya hapo tusingekuwa na chochote kinachotuambia upo.

Nikaendelea hivyo kwa muda. Kila jioni muziki ulikatika, Baba akaniangalia, nikasema hitilafu. Kila jioni nikaitazama ile alama ya kijani. Nilijua ulitoka kazini mapema au ulichelewa. Nilijua wimbo unaourudia. Nakiri kwamba nililifurahia, kuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mama alikuwa jikoni anauliza kila siku kama kuna aliyekusikia, nami namenya viazi pembeni yake.

Uongo ukazaa matunda yake: Baba akamwita fundi wa mtandao. Alikuja jioni, saluni imejaa, kijana mwenye mkoba mgongoni na maneno mengi kuliko vifaa. Akapima ukutani, akapima sebuleni, akapima chini ya kioo.

"Mzee, waifai yenu ina afya kuliko mimi."

"Sasa mbona inaugua kila jioni?"

"Nani kakuambia inaugua?"

Baba akanielekezea kidole. Fundi akaniomba simu. Sikuwa na namna ya kumnyima. Akabonyeza hapa na pale, muziki ukakatika mkononi mwake, akapiga kelele ya furaha kama aliyepata mayai ya kuku mtoro.

"Aha! Mna kupe hapa!"

"Kupe gani?" Baba akauliza. Alikuwa na kichwa cha dereva wa lori mbele yake.

"Mtu, mzee. Kajibandika kwenye akaunti yenu, ananyonya. Yeye akiwasha, nyinyi mnazimika. Nyinyi mkiwasha, yeye anazimika. Mnanyang'anyana tu. Nibonyeze hapa, vifaa vyote vinatoka, halafu mnafungua akaunti mpya. Hatakaa awasumbue tena."

"Mtoe," Baba akasema.

"Mtoe kabisa," dereva wa lori akaunga mkono kutoka chini ya mashine. "Kupe haombwi."

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe. Wewe unanijua. Mimi ni yule ambaye darasani anajua jibu na kusubiri mwingine aliseme vibaya. Benchi lilikuwa limejaa wanaume, mwalimu wa hesabu akiwemo. Nikasikia sauti inasema, "Si kupe," na ilikuwa yangu. Ilitoka ndogo, kisha ikatoka kubwa kupita kiasi.

"Si kupe. Ni kaka."

Mashine ya Baba ilikuwa bado inanguruma hewani.

"Akaunti ni yake," nikasema. "Alituachia. Sisi ndio tunaomkatia yeye."

Baada ya hapo nikachukua taulo, nikaikunja, nikaikunja tena.

Baba akauliza, bila kugeuka, "Hicho kifaa chake kinaitwaje?"

"Kiti cha Pili."

Watu wote wakakigeukia kiti chenyewe, pale dirishani, ambacho siku hizi kinawekewa taulo safi. Baba peke yake hakukitazama. Alikuwa anakitazama kisogo cha dereva.

Fundi akauliza, "Sasa mzee, nibonyeze au nisibonyeze?"

"Mrudishie mtoto simu."

Kisha akaishusha mashine kwenye kichwa cha dereva wa lori na kukimaliza, kimya, bila wimbo. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Dereva naye hakufungua mdomo mpaka alipopanguswa nywele shingoni, na hilo pia sijawahi kuliona. Nilikagua mstari. Haukupinda.

Wateja walipokwisha ondoka Baba alikuwa anasafisha brashi kwa spiriti. Alisafisha hata zile zilizokuwa safi.

"Anasikiliza nini?"

Nikamtajia. Zile nyimbo zenye magitaa mengi.

"Bado na makelele yale?"

"Ndiyo, Baba."

"Huwa saa hizi?"

"Huwa jioni. Nadhani akitoka kazini."

"Kwa hiyo tukiwasha huku..."

"Kwake unakatika."

"Muda wote huu," akasema. Akanisubiri nilete taulo. Nilipoleta akaniuliza kwa nini nilimwambia ni hitilafu. Nikasema niliogopa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia sasa nimsomee maneno kama yalivyoandikwa, ayaogope yeye mwenyewe. Nimekubali.

Mimi nami nimefikiria sana jambo lile la kwamba tunakukatia. Pengine huko unaamini mtandao wenu ni mbovu, na umeshawaita mafundi, na umeshahamisha ruta yako pia. Au unajua kila kitu tangu mwanzo. Akaunti ni yako, ungeweza kututoa siku yoyote kwa kubonyeza mara moja, na hukututoa. Sikuulizi kwa nini. Nakueleza tu kwamba nimeliona.

Siku ya pili yake jua lilipoanza kupoa, Baba alininyooshea mkono nimpe simu, akazima mwenyewe. Wateja wakalalamika.

"Mzee, leo tunanyolewa kama tuko msibani?"

"Asiyetaka, kijana wa pale kona ana redio ya betri."

Hakuna aliyehama. Sasa ndiyo imekuwa kawaida: mchana tunapiga muziki, jioni saluni ni mashine na maongezi. Mwalimu wa hesabu anasema maongezi yamepanda daraja. Dereva wa lori anasema yeye ndiye aliyeyapandisha.

Mama ndiye hakubaliani. Nilipomweleza yote alikaa kwenye stuli ya jikoni na kisu mkononi, akaniambia kwamba mimi ni mtoto mbaya sana, akanipa kipande cha karoti. Sasa anataka jioni muziki uwashwe hivyohivyo, ili ukikatika ajue umefika nyumbani salama. Baba anasema mtu akitoka kazini aachwe asikilize wimbo wake mpaka mwisho. Mama anasema yeye ndiye aliyekuzaa na ana haki ya kukukatia wimbo mmoja tu kwa siku. Wamebishana mezani juu ya hilo, jina lako likitajwa huku na huku kama chumvi. Mwishowe wameniachia mimi. Nikiona alama ya kijani, naenda jikoni namwambia Mama, "Kafika," naye anasema, "Haya," na kuendelea kupika. Kisha napita saluni. Baba haulizi, anainua nyusi. Mimi natikisa kichwa kuwa ndiyo.

Baba hajasema uje, wala hajasema usije. Sitamwekea maneno mdomoni, nimeshaacha. Nilichokiona ndicho nilichoandika.

Shangazi anakusalimu sana, anasema bado ana shati lako alilolichukua kimakosa akalipiga pasi. Mwalimu wa hesabu anakusalimu. Dereva wa lori naye, ingawa sikumwambia kwamba naandika. Amesema tu kwamba msomi akikaa na kalamu hivyo, salamu zake ziingizwe. Mama anakusalimu kuliko wote na anasubiri jibu la kifua.

Mungu akutangulie unapotoka na akungoje unaporudi, akupe mkate usio na masimango na majirani wasiogonga ukuta.

Na Kaka, ukiona jioni wimbo wako unafika mwisho bila kukatika, usidhani mtandao wa huko umepona.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyejua kulisema kwa mdomo.